Mtoto mchanga aliyeandikiwa D45: uchambuzi wa fakitire iliyorudishwa Lubumbashi

Kampuni moja ya mgodi iliirudishia hospitali moja ya Lubumbashi fakitire (ankara ya matibabu) ya mtoto mchanga bila kulipa hata faranga. Sababu iliyoandikwa pembeni ilikuwa fupi: msimbo D45 huhitaji kibali cha daktari-mshauri wa kampuni kabla ya matibabu, na kibali hakimo. Wakati huo mtoto mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi nyumbani Katuba, ananyonya bila shida.

Kwa asiyeishi na vitabu hivi, D45 ni polisitemia vera, ugonjwa wa uboho unaozalisha chembe nyekundu za damu kupita kiasi, mwaka hadi mwaka. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, ambao hapa kwetu kila mtu huuita CIM-10, umeuweka katika sura ya pili, ile ya uvimbe na saratani. Daktari Mfaransa Louis Henri Vaquez aliueleza mwaka 1892, na wagonjwa wake wa kawaida ni watu wenye umri wa miaka sitini hivi. Mtoto wetu alikuwa na saa chache tangu azaliwe. Alichokuwa nacho ni wingi wa chembe nyekundu unaowapata watoto wachanga, jambo la siku chache, na msimbo wake ni P61.1.

Dosiye, yaani jalada la mgonjwa, ililetwa kwangu, mtu wa takwimu, nikague misimbo yote upya, si huo mmoja tu. Maelezo ambayo yangeitambulisha familia nimeyabadilisha, na hospitali wala kampuni sizitaji. Nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kwa sababu kila mtu aliyekigusa alifanya sehemu kubwa ya kazi yake sawasawa, na bado mtoto akatoka na karatasi ya saratani.

Yaliyotokea wodini

Mama alijifungua usiku, kwa njia ya kawaida, mimba ikiwa na wiki 39. Mtoto alikuwa na gramu 4,100. Alilia mara moja, mkunga akasubiri kama dakika mbili ndipo akafunga kitovu. Saa mbili baadaye muuguzi wa neonato, wodi ya watoto wachanga, aliandika kwamba mtoto ni mwekundu hadi viganjani na nyayoni, anapumua mara 72 kwa dakika, na akiwekwa titini anavuta mara mbili tatu kisha analala. Sukari ya damu ilikuwa 31 mg/dL. Wakamchoma kisigino, labo ikatoa hematokriti ya asilimia 76.

Hematokriti ni sehemu ya damu inayoshikwa na chembe nyekundu. Kwa mtoto mchanga tunasema zimezidi pale damu ya mshipa inapofika asilimia 65 au zaidi. Neno la kushikilia hapo ni mshipa. Damu ya kisigino hutoka kwenye vijishipa vidogo ambako mzunguko ni wa polepole, hasa mguu ukiwa baridi, na chembe hujazana huko. Tofauti kati ya kisigino na mshipa inaweza kufika asilimia kumi na zaidi. Tena hematokriti ya mtoto yeyote mwenye afya hupanda baada ya kuzaliwa, ikafika kileleni kama saa mbili baadaye, kisha hushuka polepole. Kwa hiyo 76 ya kisigino, saa mbili baada ya kuzaliwa, ni sababu nzuri ya kupima tena. Haijawa utambuzi bado.

Daktari wa zamu alilijua hilo. Alirudisha sukari kwa glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 8, sukari ikapanda hadi 52. Mtoto hakuchangamka, na pumzi zilibaki za haraka. Saa tano baada ya kuzaliwa alichukua damu ya mshipa: 71. Hapo ndipo utambuzi ulipopatikana. Alifanya hesabu inayofundishwa kila mahali, ujazo wa damu ya mtoto (mililita 80 kwa kilo, yaani 328) mara tofauti ya hematokriti aliyonayo na ile inayotakiwa (71 kutoa 55), gawanya kwa 71. Jibu ni kama mililita 74. Akachukua 70, kwa mizunguko saba ya mililita kumi kumi kupitia mshipa wa kitovu, akitoa damu na kurudisha maji ya chumvi ya kawaida. Hematokriti ikashuka hadi 58, na kesho yake asubuhi mtoto alinyonya.

Wapo madaktari wa watoto ambao wangesubiri zaidi, na nawaelewa. Kwa mtoto asiye na dalili, hakuna ushahidi kwamba kubadilisha damu kwa namna hii kunamsaidia baadaye maishani, na upo wasiwasi wa madhara kwa utumbo. Huyu alikuwa na dalili, na hesabu zote zimo kwenye karatasi ya muuguzi kwa mwandiko unaosomeka.

Siku ya tatu macho yakageuka manjano. Bilirubini ilikuwa 17 mg/dL, akawekwa chini ya taa ya buluu siku mbili. Hilo lilitarajiwa: kila gramu ya himoglobini inayovunjwa hutoa miligramu 35 hivi za bilirubini, na mtoto huyu alikuwa na akiba kubwa ya kuvunja. Siku ya sita aliruhusiwa.

D45 ilitoka wapi

Karatasi ya kutoka, iliyoandikwa na daktari mwingine aliyekuwa zamu siku hiyo, ilikuwa na mstari mmoja: poliglobuli (yaani wingi wa chembe nyekundu), hematokriti 76, amebadilishwa damu kwa sehemu, hali nzuri. Umri haukuandikwa. Wodi haikuandikwa. Ile 71 ya mshipa, iliyobeba utambuzi wote, haikuwemo. Ilinakiliwa namba ya juu zaidi, ya kisigino. Manjano na sukari havikutajwa kabisa.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoshuka ofisi ya fakitire, dosiye yenyewe ikabaki juu. Karani akaandika herufi za kwanza za jina la ugonjwa kwenye programu, programu ikamletea mistari kadhaa kwa mpangilio wa misimbo: D45, kisha D75.0 ya ukoo, kisha D75.1 ya pili, na chini kabisa P61.1. Herufi D hutangulia P. Akabonyeza wa kwanza.

Mkuu wa ofisi alitaka karani apewe barua ya onyo. Nilipinga. Karani hana njia ya kujua kwamba mgonjwa ni mtoto mchanga ikiwa karatasi haisemi, na programu iliyokubali D45 kwa mtu aliyezaliwa juzi, ilhali tarehe ya kuzaliwa imo humo humo, ndiyo iliyostahili onyo. Kuiwekea kizuizi ni kazi ndogo: sura ya 16, P00 hadi P96, ni ya hali zinazoanzia wakati wa kuzaliwa, na mgonjwa wa siku 28 au chini anayepewa msimbo wa sura ya pili angefaa kusimamishwa na swali. Si kwamba mtoto mchanga hawezi kuwa na uvimbe. Anaweza, lakini ni nadra kiasi kwamba mtu kuulizwa "una hakika?" si usumbufu.

D75.1 nayo isingefaa, ingawa ingepita kimya kimya bila kampuni kushtuka. Hiyo ni ya wale ambao damu yao imezidi kwa sababu nyingine ya maishani: mapafu mabovu, figo, kukaa miinuko mirefu sana. Kosa la namna hiyo ndilo linalonisumbua zaidi katika kazi hii. D45 ilikuwa kubwa mno, ikajifichua yenyewe. D75.1 ingelipwa na kuzikwa kwenye takwimu za mwaka.

Kupanga misimbo upya

Nilianza na dosiye nzima, kisha nikapanda maternite kuomba dosiye ya mama. Hapo kisa kilibadilika sura.

Dosiye za akina mama hukaa kabati moja, za watoto kabati lingine, jengo lingine. Kwenye kadi ya mama ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, wiki ya 27, kulikuwa na kipimo cha sukari cha gramu 75. Kabla ya kunywa glukosi alikuwa na 101 mg/dL. Kwa kiwango kilichotolewa na OMS, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2013, sukari ya kufunga kuanzia 92 hadi 125 wakati wa ujauzito inatosha kuitwa kisukari cha mimba. Mkunga wa CPN aliandika ushauri wa chakula, akampangia arudi. Mama alirudi mara moja tu, na siku ya kujifungua kadi ilibaki kwenye mkoba wake hadi asubuhi. Wodi ya watoto haikuiona kadi hiyo kamwe. Daktari wa zamu alitibu sukari ya chini na damu nzito kwa ustadi bila kujua kwamba vyote viwili vina chanzo kimoja.

Chanzo chenyewe hufanya kazi hivi. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma, insulini yake haivuki. Mtoto tumboni hujitengenezea insulini nyingi ili kuikabili sukari hiyo, hunenepa, na hutumia oksijeni kuliko kondo linavyoweza kumletea. Mwili wake ukihisi upungufu huo hutoa homoni ya eritropoietini kwa wingi, na chembe nyekundu huongezeka. Akizaliwa, sukari ya mama hukatika ghafla lakini insulini yake bado ipo, ndipo sukari inaposhuka. Uzito wa gramu 4,100, sukari 31, hematokriti 71 na manjano ya siku ya tatu ni hadithi moja.

CIM-10 ina msimbo wa hadithi hiyo: P70.0, mtoto aliyeathiriwa na kisukari cha mimba cha mama yake. P70.1 ni ya mtoto ambaye mama alikuwa na kisukari tangu kabla ya mimba. Nilimwomba daktari wa uzazi athibitishe kwa maandishi ni kipi kati ya hivyo viwili, maana mimi sina ruhusa ya kusoma kipimo na kutoa utambuzi. Alithibitisha cha mimba. Kwa upande wa mama ikaingia O24.4, kwenye dosiye yake na fakitire yake. Hapa watu huchanganya mara nyingi: misimbo ya P haiandikwi kwa mama hata siku moja, na ya O haiandikwi kwa mtoto. Kila mmoja ana tukio lake la hospitali, hata kama walilala kitanda kimoja.

Baada ya P70.0 kuingia, vitu viwili vilivyokuwa tayari kwenye rasimu yangu vilitoka. Kwanza P70.4, sukari ya chini ya namna nyingine kwa mtoto mchanga, kwa sababu P70.0 imeshaibeba sukari hiyo ndani yake. Pili P08.1, mtoto mzito kuliko umri wa mimba, kwa sababu kitabu kinawatoa humo waziwazi watoto wa akina mama wenye kisukari. Rasimu iliyokuwa na misimbo mitano ikabaki na mitatu. Ofisi ya fakitire haikufurahi. Kuna imani kwamba misimbo mingi huleta malipo mengi. Kwa daktari-mshauri mwenye macho, msimbo unaorudia mwingine ni mlango wa kukataa fakitire yote.

Manjano yalipata P58.3, manjano ya mtoto mchanga yatokanayo na wingi wa chembe nyekundu. P59.9, isiyotaja sababu, ndiyo inayojaa kwenye rejista zetu kwa sababu ni rahisi kuikumbuka. Humu sababu ilijulikana, na kuiacha kungemfanya msomaji adhani kuna ugonjwa wa pili ambao haukuchunguzwa.

Nani atangulie

Msimbo wa D45 ulipofutwa nilidhani ubishi umekwisha. Daktari-mshauri wa kampuni, mtu makini na mwenye uzoefu wa miaka mingi, alinipigia simu kusema P70.0 ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kwenye fakitire. Hoja yake ilikuwa na uzito: kisukari cha mama ndicho mzizi, damu nzito ni tawi, na mzizi huandikwa kwanza.

Hiyo ni kanuni ya vifo. Kwenye cheti cha kifo tunatafuta chanzo kilichoanzisha mlolongo, na kwa watoto wanaofariki karibu na kuzaliwa OMS ina hata cheti chenye nafasi za hali ya mtoto na nafasi za hali ya mama. Kwa mgonjwa anayetoka hai swali ni tofauti. Juzuu ya pili ya CIM-10 inaita hali kuu ile ambayo, mwisho wa tukio la matibabu, ndiyo hasa iliyomfanya mgonjwa ahitaji kutibiwa au kuchunguzwa. Na zikiwa zaidi ya moja, huchaguliwa ile iliyotumia rasilimali kubwa zaidi. Kilichotumia rasilimali hapa kinasomeka kwenye fakitire yenyewe: katheta ya kitovu, kubadilishwa damu, vipimo vya hematokriti, usiku wa uangalizi wa karibu. Vyote vilikuwa vya damu nzito. Kama mtoto angepewa tu glukosi na kunyonyeshwa mapema, bila kubadilishwa damu, ningekubaliana naye na P70.0 ingetangulia.

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama basi si mwinuko wa mji. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ni kweli kwamba watoto wanaozaliwa miinuko mirefu huwa na chembe nyingi zaidi. Lakini mfano wa vitabuni ni kama La Paz kule Bolivia, mita 3,600 hivi. Kwetu mwinuko hauwezi kumpeleka mtoto kwenye 71, na asilimia 65 ndiyo kipimo kwetu kama ilivyo Mombasa. Alicheka, akakubali. Mpangilio ukawa P61.1, P70.0, P58.3.

Kuhusu mkunga

Nyanya wa mtoto alikuwa na maelezo yake tayari, na alikwisha kuyasema wodini mbele ya watu: "Ule mama alikawia kukata kitovu, damu yote ikaingia mu mutoto." Mkunga akapata woga. Alinifuata mwenyewe kuuliza kama kwenye dosiye pameandikwa hivyo, na kama kuna msimbo wa kosa lake.

Hakuna, na hakukuwa na kosa. OMS inapendekeza kitovu kifungwe kati ya dakika moja na tatu baada ya kuzaliwa, kwa sababu damu inayoingia wakati huo humpa mtoto akiba ya madini ya chuma na kumkinga na upungufu wa damu miezi inayofuata. Katika mji ambako malaria humaliza damu za watoto wadogo, akiba hiyo si ya kuchezea. Kusubiri sana kupita hapo, au kumshika mtoto chini kabisa ya kiwango cha kondo, kunaweza kweli kumjaza damu. Dakika mbili, mtoto akiwa kifuani kwa mama, ni kazi iliyofanywa inavyotakiwa.

Mtu mmoja ofisini alikuwa amependekeza P02.3 kama "msimbo wa kitovu". Huo ni wa hitilafu za kondo na kitovu zinazohamisha damu, kwa mfano mapacha wanaoshiriki kondo moja ambapo mmoja humnyonya mwenzake damu: yule mwekundu hupata P61.1 naye pia, na yule mweupe hupata wa upungufu. Mtoto wetu alikuwa peke yake na kondo lake lilikaguliwa, likawa zima. Kuandika P02.3 kungekuwa kumshtaki mkunga kwa namba, mahali ambapo hawezi hata kujitetea. Nilimwonyesha mistari mitatu iliyobaki, akasoma, akashukuru, akarudi kazini. Nyanya alielezwa na daktari wa watoto. Kama aliridhika, sina hakika.

Baba

Haya yote ya misimbo yana upande ambao ofisi huusahau. Mjini Lubumbashi kampuni kumlipia mfanyakazi na familia yake matibabu ni desturi ya zamani, tangu enzi za Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, na fakitire hupita mikononi mwa watu ambao baba wa mtoto hukutana nao kila siku. Karani wa kule kazini aliona D45, akatafuta maana yake, akamwuliza baba pole pole mwanawe anaendeleaje na saratani.

Alikuja hospitalini akiwa na sare ya kazi. Mimi si daktari, lakini aliniita hivyo: "Docta, ku kazi banasema mutoto wangu iko na kansere ya damu. Njo kweli?"

Swali kama hilo mtu wa takwimu halijibu. Nilimpeleka kwa daktari wa watoto. Alimketisha, akafungua dosiye, akamwonyesha 71 na kisha 58. "Hapana, Papa. Mutoto alizaliwa na damu nzito, tukaipunguza, ikakwisha. Kansere haiko." Baba aliuliza itarudi? Akajibiwa kwamba haitarudi, ila mama apimwe sukari wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kujifungua, na mimba nyingine ikija aseme mapema. Mama hakuwa ameambiwa hilo alipotoka hospitalini, kwa kuwa hakuna aliyeunganisha kadi yake na damu ya mwanawe. Msimbo mbaya ndio uliotufanya tuifungue kadi ile. Sijui kama nifurahi.

Karatasi ya kutoka

Wiki hiyo hiyo neonato ilikuwa na mtoto mwingine mwekundu, kilo tatu, mchangamfu. Kisigino 67, mshipa 61. Aliangaliwa siku moja, akaenda. Karatasi yake ya kutoka ilisema "poliglobuli, 67". Huyo hakustahili P61.1 hata kidogo. Alishukiwa, akapimwa, ikaonekana hana, na kwa hilo ipo Z03.8. Kilichonifundisha kwamba tatizo si la mtu mmoja ni karatasi hiyo, kuliko hata ile ya D45. Daktari aliyeiandika hakuwa yule wa kwanza.

Tulikaa na madaktari wa neonato, tukabadilisha karatasi. Sasa hematokriti ina nafasi tatu: namba, damu imetoka kisigino au mshipa, na saa ngapi baada ya kuzaliwa. Umri wa mtoto kwa siku umo kichwani. Kuna mstari wa mama unaouliza sukari, presha, mapacha, na anayeujaza ni mkunga kabla mtoto hajavuka kwenda jengo lingine, kadi ya CPN ikiwa mezani. Madaktari wawili walilalamika kwamba makaratasi yanazidi. Wana haki, nami nilikubali kuondoa mistari minne ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuisoma.

Mjadala wa kuhamia toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, tuliuahirisha. Lina uzuri wake: linaruhusu kuunganisha misimbo kwa mkwaju ili ionekane kwamba damu nzito, manjano na kisukari cha mama ni kifurushi kimoja, bila kubishana nani mzizi. Lakini kifurushi kisichoandikwa kwenye karatasi ya kutoka hakiwezi kufungwa na toleo lolote.

Kampuni ililipa kwa misimbo mipya bila swali. D45 ilibaki. Mfumo wao hufuta fakitire na kuweka nyingine, ila historia ya mgonjwa huihifadhi kando, na mtoto ana namba yake humo itakayomfuata kwa muda wote baba atakapokuwa kazini pale, labda na kwa bima ijayo itakayouliza magonjwa ya zamani. Daktari wa watoto aliandika barua yenye muhuri: utambuzi wa D45 haukuwahi kutolewa kwa mtoto huyu, ulikuwa kosa la uandishi, ufutwe kwenye historia na si kwenye fakitire pekee, na hospitali itumiwe ukurasa uliochapwa kuonyesha kwamba umefutwa. Jibu la kwanza la kampuni lilisema fakitire imeshasahihishwa. Tulituma barua ya pili, aya ileile ya historia ikiwa imepigiwa mstari, na nakala akapewa baba aipeleke kwa mkono ofisi ya wafanyakazi, wamsainie kwamba imepokelewa.